Taa ya tangi dogo la karantini la maji chumvi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wengi hununua taa ya karantini kwa mawazo ya tangi kuu: nguvu kubwa, buluu nyingi, rangi zing'ae. Karantini ina kazi nyingine. Samaki hajaingia humo kupamba chumba. Ameingia kuangaliwa, kutibiwa na kupumzika. Ndiyo maana nashikilia kwamba, kwa samaki, taa ya karantini ni ya macho yako wewe unayemtazama. Matumbawe hayamo katika kanuni hiyo, na yana sehemu yake huko chini.

Matangi ninayoyazungumzia ni ya lita 40 hadi 80, sakafu tupu isiyo na mchanga, chujio la sponji, pampu ya hewa, hita, na vipande vya bomba la plastiki vya kujifichia.

Je, samaki aliye karantini anahitaji taa kweli?

Anahitaji mchana na usiku. Mwanga wa kawaida wa chumba chenye dirisha unamtosha kula, kuzunguka na kulala kwa wakati wake. Samaki hapati chakula kutokana na mwanga, kwa hiyo wiki nne za mwanga mdogo hazimdhoofishi. Mwenye kuhitaji taa ni wewe. Huwezi kuhesabu pumzi zake, kuona pezi lililochanika au jicho lililoanza ukungu, katika tangi ambalo linakulazimu ukunje uso na kubahatisha.

Basi kwa nini nisiliache gizani moja kwa moja?

Kwa sababu samaki wengi tunaowafuga hutafuta chakula kwa macho. Gizani hawali, na samaki asiyekula katika wiki ya kwanza anaweza kukufia kabla dawa haijapata nafasi ya kumsaidia. Tena, samaki aliyezoea giza akiwashiwa taa ghafla hukurupuka, hugonga kioo, na wengine huruka nje. Kifuu na wenzake wenye macho makubwa, wanaowinda usiku, ni habari nyingine: hao nawalisha jioni, taa ya tangi imezimwa na ya chumba ikiwa hafifu.

Taa ya nguvu gani inatosha?

Kwa lita 40 hadi 80 zenye samaki peke yao, taa ya LED ya wati 5 hadi 10 inatosha kabisa. Ukipata yenye swichi ya kupunguza mwanga, ichukue hiyo.

Nguvu ikizidi, tatizo la kwanza ni joto. Maji ya lita 40 ni kidogo. Ikiwa wati 20 za joto zitaingia humo kwa saa nzima bila kutoka, maji yatapanda karibu nusu nyuzi ya Selsiasi. Sehemu ya joto hilo hutoka, ni kweli, lakini fanya hesabu ya saa nane na utaona kwa nini taa kubwa iliyolazwa juu ya kifuniko inalivuruga tangi dogo. Maji yakipata joto hukauka haraka, na chumvi haikauki pamoja nayo. Lita 40 zenye chumvi gramu 35 kwa lita zikipungua lita 2, chumvi inafika karibu gramu 37. Kama umeweka dawa ya shaba, nayo imepanda kwa kiwango hichohicho bila wewe kuongeza hata tone. Kwenye tangi kuu hilo ni jambo dogo. Kwenye karantini, ambako dozi ya shaba inakaa kati ya kiasi kinachoua vimelea na kiasi kinachomuumiza samaki, mimi silichukulii kuwa dogo. Weka alama ya kalamu kwenye kioo pale maji yanapofikia, na ujazie maji safi yasiyo na chumvi mpaka kwenye alama hiyo kila siku.

Mwanga mweupe au wa buluu?

Mweupe, wa Kelvini 5000 hadi 6500, na ukiona kwenye pakiti kipimo cha uhalisia wa rangi, CRI, chagua cha 90 au zaidi. Hapa ndipo ningependa kila anayeanza asimame kidogo.

Kidonda huonekana chekundu kwa sababu kinarudisha mwanga mwekundu machoni petu. Taa ya buluu haina mwekundu wa kurudisha, kwa hiyo chini yake kidonda huonekana cheusi au kijivu, kama kivuli. Niliwahi kuweka samaki watano aina ya kromisi chini ya taa ya buluu kwa sababu ndiyo iliyokuwepo. Mmoja alikuwa na doa jeusi ubavuni, chini kidogo ya pezi la mgongo, nikalichukulia kuwa rangi yake. Siku ya tatu nilifungua pazia asubuhi, jua likaingia kwa pembeni, na lile doa likawa jekundu kama nyama mbichi, magamba yameinuka kulizunguka. Kromisi wanajulikana kwa kushambuliwa na Uronema marinum, kimelea kinachokula nyama kwa haraka sana. Siku tatu kwa ugonjwa ule ni nyingi mno. Samaki yule sikumpata tena.

Ikiwa taa uliyonayo ina njia mbili, nyeupe na buluu, zima buluu au ishushe kabisa unapokagua. Balbu za manjano sana nazo hazifai: zinaficha umanjano wa ngozi, na kamasi nyeupe inayotanda juu ya samaki unaweza usiione.

Iwake saa ngapi kwa siku?

Saa nane hadi kumi. Mimi huwasha saa nne asubuhi na kuzima saa kumi na mbili jioni. Nunua taima ya kuchomeka ukutani uiachie kazi hiyo, maana mkono wa binadamu husahau, na samaki mgonjwa hahitaji siku isiyotabirika.

Namna ya kuwasha ina uzito kuliko idadi ya saa. Samaki hana kope za kufumba, na wengi hawawezi kubana mboni ya jicho kama sisi. Jicho lake huzoea mwanga kwa kusogeza chembe ndani ya retina, kazi inayochukua dakika nyingi. Kwa hiyo asubuhi fungua pazia au washa taa ya chumba kwanza, subiri nusu saa, ndipo ya tangi iwake. Jioni fanya kinyume chake: ya tangi izimike kwanza, ya chumba ibaki kwa muda. Kangaja wapya wanaogonga kioo kila asubuhi mara nyingi hutulia kwa hilo peke yake.

Samaki mpya ameingia leo. Niwashe lini?

Kesho. Ametoka kwenye mfuko na pengine boksi lenye giza. Mwingize chumba kikiwa na mwanga hafifu, acha taa ya tangi imezimwa hadi siku inayofuata, na kwa siku mbili tatu za mwanzo ipunguze. Kama haipunguziki, weka karatasi nyeupe ya kawaida kati ya taa na kifuniko, moja au mbili, mbali na sehemu zinazopata joto. Ziba pande tatu za tangi kwa karatasi nyeusi kutoka nje.

Na usisahau chini. Sakafu ya kioo iliyo wazi juu ya meza nyeupe hurudisha mwanga juu, na samaki wa baharini hajazoea kuangazwa tumboni. Utamwona ameinama upande, anajaribu kuupa mgongo wake mwanga unaotoka pasipo pake. Kipande cha karatasi nyeusi chini ya tangi kinamaliza jambo hilo. Usiweke mchanga kwa sababu hiyo. Mchanga unaficha vimelea na unasumbua dozi ya shaba.

Mwanga unaharibu dawa?

Baadhi, ndiyo, na ndilo swali ambalo watu huchelewa kuliuliza.

Shaba yenyewe haiharibiwi na taa ya kawaida. Klorokwini fosfeti huvunjwa na mwanga, kwa hiyo katika matibabu yake weka taa chini kabisa au baki na mwanga wa chumba, na lisiwepo jua la dirishani. Nitrofurazoni, bluu ya methilini, kijani cha malakaiti na oksitetrasaiklini zote hupoteza nguvu zikikaa kwenye mwanga mkali. (Oksitetrasaiklini ina shida nyingine kwenye maji ya bahari: hushikana na kalisi na magnesi zilizomo, ikabaki kidogo ya kumfikia samaki.) Bluu ya methilini ina upande wake wa ziada, kwa sababu ikipigwa na mwanga huzalisha oksijeni yenye ukali unaoumiza chembe hai. Bafu la dawa hiyo lifanyie kwenye mwanga mdogo.

Ninachofanya ni rahisi: siku za dawa inayochukia mwanga, taima naiondoa, chumba kinabaki na mwanga wake wa kawaida, nalisha mchana, na nawasha taa ya tangi dakika tano wakati wa kula ili nikague. Dakika tano hazitaiua dawa.

Chupa nazo zisikae juu ya tangi karibu na taa. Kabati lenye giza ndilo mahali pake.

Nimesikia giza linatibu magonjwa ya vimelea ya velveti na madoa meupe. Ni kweli?

Kwa maji chumvi, hapana, na imani hii imepoteza samaki wengi.

Ilikotoka kunaeleweka. Kimelea cha velveti cha maji baridi, Piscinoodinium, kina kloroplasti, yaani kinaweza kujitengenezea chakula kwa mwanga, na ndiyo maana wafugaji wa maji baridi hufunika tangi pamoja na kutumia dawa. Cha baharini, Amyloodinium ocellatum, ni kingine. Hakina kloroplasti, chakula chake chote kinatoka kwa samaki. Ukifunika tangi umemtuliza mgonjwa, maana samaki mwenye velveti hukimbia mwanga, lakini kimelea hukukipunguzia kitu. Dawa bado inahitajika, na inahitajika leo.

Cryptocaryon irritans, mwenye madoa meupe, anapenda giza kwa namna yake. Hukaa chini ya ngozi ya samaki siku 3 hadi 7 hivi, kisha hutoka, hujibandika sakafuni au kwenye bomba, hujigawa ndani ya ganda, na wachanga wake huogelea kutafuta samaki. Kutoka kwa samaki na kupasuka kwa ganda hutokea zaidi saa za giza, hasa kuelekea alfajiri. Ndiyo sababu madoa huweza kuwa mengi jioni na asubuhi ukayakuta yamepungua, ukashangilia bure.

Mwenendo huo unasaidia wale wanaotumia njia ya kumhamisha samaki kwenye tangi safi kabla ya saa 72 kutimia, kwa zamu kadhaa. Mhamishe asubuhi, waliotoka usiku wabaki kwenye tangi la zamani. Na matangi yote mawili yawe na saa zilezile za taa, usiku wa samaki usihame pamoja naye.

Nitumieje tochi kukagua?

Subiri jioni, chumba kikiwa giza kiasi. Tumia tochi ndogo ya mwanga mweupe. Usimwelekezee usoni. Iweke kwenye kioo cha ubavu, mwanga upite sambamba na mwili wake, kama unavyomulika meza kwa pembeni ili uone vumbi lililotua juu yake. Kisha subiri ageuke.

Madoa ya Cryptocaryon husimama kama punje za chumvi, unaweza kuyahesabu. Velveti haihesabiki. Ni unga laini wa kijivu au dhahabu, unaotokea samaki anapopinda na kupotea anaponyooka, na kwenye samaki wa rangi nyeupe au njano unaweza usiuone hata kidogo. Tazama mapezi yanayopitisha mwanga, kwa kuwa huko hakuna rangi ya kuuficha. Sekunde kumi, kumi na tano, zima.

Kutokuona unga si ushahidi kwamba ni mzima. Velveti mara nyingi huanzia kwenye matamvua. Samaki anayehema haraka, anayekaa usoni mwa mkondo wa maji na kujificha taa ikiwaka, huyo nampa matibabu bila kusubiri unga.

Mwani umeota kwenye kioo. Nipunguze taa?

Ndiyo, na ufute kioo cha mbele tu. Tando la kahawia kwenye tangi jipya ni kawaida. Mwani kidogo wa kijani una faida kwa kuwa hula amonia, ambayo kwenye karantini ni adui wa kila siku. Hatari ipo pale unapoanza klorokwini au shaba kwenye tangi lililojaa mwani: unakufa kwa pamoja, unaoza, amonia inapanda na oksijeni inashuka. Sugua kabla ya dozi ya kwanza, badilisha maji, ndipo uanze.

Taa ya urujuanimno, ile ya kuua vimelea, inahesabika kama taa ya tangi?

Hapana. Hiyo hukaa ndani ya ganda lake, maji yakapita humo. Haimulikii samaki kitu na usiitazame kwa macho. Wakati wa dawa izime, kwa sababu huvunja dawa nyingi, ikiwemo kile kinachoishikilia shaba kwenye dawa za shaba iliyofungwa. Shaba ikiachiliwa ghafla inakuwa kali zaidi kwa samaki.

Nikiweka matumbawe karantini, mambo yanabadilika?

Yanabadilika yote. Ndani ya mwili wa tumbawe kuna mwani wa chembe moja unaofanya usanisinuru na kulilisha mwenyeji wake. Ukiweka tumbawe chini ya taa ya wati 5 kwa wiki kumi, umeliweka kwenye njaa. Na karantini ya matumbawe ni ndefu: maganda ya Cryptocaryon yanaweza kujibandika kwenye jiwe la tumbawe, na wafugaji wengi huliweka siku 76 kwenye tangi lisilo na samaki yeyote hadi vimelea vyote viishe.

Hapa taa ya buluu ina kazi, mawimbi ya nanomita 420 hadi 470 hasa, ikichanganywa na nyeupe. Nguvu hupimwa kwa PAR, yaani mikromoli za mwanga wa usanisinuru kwa kila mita ya mraba kwa sekunde. Kwa matumbawe laini lenga 50 hadi 100, kwa yale ya polipu kubwa (polipu ni kijinyama kimojakimoja kinachounda tumbawe) 75 hadi 150. Ya polipu ndogo, kama Acropora, hukaa 200 hadi 350 yakishazoea. Tangi likiwa na kina cha sentimita 25 au 30 hutahitaji taa kubwa kuyafikia haya. Azima kipimo cha PAR kama unaweza, hata kwa siku moja.

Kosa kubwa ni haraka. Tumbawe lililosafirishwa limedhoofika, na mwanga mkali wa siku ya kwanza unalifanya liufukuze mwani wake, likapauka. Anza na nusu ya lengo, au chini zaidi, na upandishe kidogo kidogo kwa wiki mbili hadi tatu. Likigeuka kahawia polepole, linaomba mwanga zaidi. Likififia kuelekea weupe, au likijikunja mchana kutwa, shusha taa siku hiyohiyo. Kama taa haina swichi ya kupunguza, iinue: taa ndogo yenye balbu moja ikiwekwa umbali mara mbili, mwanga unaofika hushuka kuelekea robo.

Mweupe wa kukagulia bado unauhitaji, pamoja na tochi ya usiku. Konokono uchi wanaokula matumbawe ya Montipora hutoka usiku, na mchana hujibana chini ya kipande ambako taa yoyote haiwafikii.

Na usitumie kwa matumbawe tangi lililowahi kuwekwa shaba.

Anemoni?

Mchukulie kama tumbawe linalotaka mwanga mwingi na lenye miguu. Asipopata mwanga anaoutaka, atatembea hadi kwenye mdomo wa pampu. Zingira pampu kwa sponji.

Naweza kutumia taa ya mezani?

Kwa samaki, bila wasiwasi, ilimradi balbu ni LED nyeupe, ina shingo imara, na haiwezi kuangukia majini. Taa kuukuu ya tangi kuu pia inafaa ukiweza kuishusha hadi asilimia kumi au ishirini.

Taa ikae wapi, na usalama wa umeme je?

Sentimita 15 hadi 30 juu ya maji, juu ya wavu wa kifuniko, karibu na upande wa mbele; nyuma pabaki na kivuli, mabomba ya kujifichia yawe huko. Samaki apate kuchagua.

Maji ya chumvi hutambaa. Mapovu ya pampu ya hewa yanapasuka, matone madogo yanaruka, yanakauka, na baada ya wiki moja utaona ukoko mweupe kwenye fremu ya taa na kwenye kiungio cha waya. Ukoko huo hunyonya unyevu na kupitisha umeme. Ufute kwa kitambaa chenye maji safi kila wiki, taa ikiwa imechomolewa. Chagua taa yenye umeme mdogo wa volti 12 au 24 ambayo transfoma yake inakaa mbali na tangi, na inayostahimili maji. Kila waya ushuke chini ya kiwango cha soketi kabla ya kupanda tena kuingia humo; tone linalotiririka litadondokea sakafuni badala ya kufuata waya hadi kwenye umeme. Tumia soketi yenye kikata umeme cha hitilafu ya ardhi. Kabla ya kutia mkono majini, chomoa.

Karantini imeisha. Taa ya tangi kuu ni kali zaidi; nimwandaeje?

Wiki ya mwisho, pandisha taa ya karantini kidogo kila siku na sogeza saa zake zilingane na za tangi kuu. Siku ya kumhamisha, ngoja jioni. Zima taa ya tangi kuu saa moja kabla, walishe wenyeji washibe, kisha mwingize mpya chumba kikiwa na mwanga hafifu. Wakati wenyeji wanalala, yeye atakuwa na usiku mzima wa kutafuta tundu lake. Asubuhi taa iwake kwa nguvu ndogo, nawe uwe umeshakaa mbele ya kioo.